Sakafu Kwanza, Vigae Baadaye

Nina ugomvi na vigae vyeupe, na wenzangu wa darasani wanaonicheka naomba wanisikilize kwanza. Hapa Batsinda, katika ua tunaokaa familia mbili na wanafunzi watatu, bafu letu lina upana wa mita moja na urefu wa mita moja na nusu. Choo kimo humo humo. Mwezi Juni mwenye nyumba aliamua kulikarabati. Fundi akaja, akamwaga kopo moja la maji sakafuni, akatazama yanakokwenda, akasema, "Mzee, hapa kwanza tuvunje sakafu tupate mteremko." Mzee akajibu kwamba mteremko hauonekani. Alitaka vigae mpaka darini, kioo, na choo cha kukaa badala ya kile cha kuchuchumaa.

Aliyoyataka yakafanyika, na kodi ikapanda. Sasa maji ya kuoga hukusanyika mlangoni badala ya kwenda tunduni. Siku ya nne mukecuru jirani yetu aliteleza, akateguka mkono.

Najua jibu litakalotolewa: hayo ni maendeleo, na Kigali ni mji unaosifiwa kwa usafi. Sawa. Lakini usafi wa bafu ni maji, na sisi tuna mgao. Choo cha kuvuta hunywa lita sita au zaidi kila kinapovutwa. Dumu la lita 20, lililobebwa kichwani kutoka bondeni siku bomba linapokauka, halifiki mara nne. Hesabu watu tisa asubuhi moja. Tena nyumba nyingi za mji huu hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Kila ua una shimo lake. Kadiri tunavyovuta, shimo linajaa mapema, na gari la kunyonya tunachangia sisi wapangaji. Choo cha zamani kiliridhika na kopo moja.

Watu wa Lamu hawakuwa na bomba walipojenga nyumba zao za mawe. Bafuni waliweka birika la mawe na chokaa, wakatia samaki wadogo wale mabuu ya mbu. Walianzia kwenye maji, ndipo wakafika kwenye pambo, na mapambo yao hakuna anayeweza kuyadharau. Sisi tunaosoma Kiswahili hupenda kukumbusha kwamba neno "umusarani" la Kinyarwanda ni ndugu wa "msalani". Ingefaa tuazime na busara ya wenye neno.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna mpangaji aliyeulizwa. Karibu na mwaka 2008, watu walioondolewa Kiyovu, mtaa uliokuwa ukiitwa wa maskini, waliletwa Batsinda kwenye nyumba ambazo ramani yake ilikuwa imeshachorwa. Leo aliye na nyumba ya kupangisha anafanya vivyo hivyo kwa kipimo cha bafu: anaamua peke yake, kisha anatuletea hesabu. Nasema kodi isipandishwe kwa sababu ya ukarabati mpaka kopo la maji limwagwe mbele ya wapangaji na wote waone limekwenda tunduni. Mwalimu mmoja aliniambia hiyo ni sheria ya mtoto. Labda. Lakini ni jaribio la sekunde kumi na halihitaji mhandisi.

Jumamosi iliyopita, baada ya umuganda, tulimwita tena yule fundi. Amesema atang'oa safu mbili za vigae mlangoni, achimbe mteremko na kusakafia upya kwa saruji ya kukwaruza. Kazi ya siku moja na mfuko mmoja wa saruji. Fedha tumeshachanga, mukecuru naye kachanga. Mwenye nyumba amekataa, anasema tutamharibia bafu.