Pata potea haihitaji wizi ili ikumalize

Leo nina ugomvi na watu wa pata potea, na pia na nyinyi mnaowalaumu kwa sababu isiyo kubwa.

Siku ya soko, iwe Wote au Mwingi, mtu ameuza ndengu zake, kisha anakutana na jamaa mwenye karata tatu. Otea malkia: weka shilingi mia, ukipata unaongezwa mia, ukikosa mia yako imekwenda. Akishaliwa, kilio ni kilekile: "Wezi hawa!" Ni kweli, jamaa ana mkono mwepesi, na wale "washindi" kwenye umati ni wenzake. Lakini hata angekuwa mwaminifu kama mzee wa kanisa, bado angekumaliza.

Piga hesabu. Karata tatu, malkia mmoja. Ukiotea mara 300, utapata karibu mara 100 na kukosa karibu mara 200. Umepata 10,000, umepoteza 20,000. Hiyo ni hasara ya shilingi 33 hivi katika kila mia unayoweka! Mchezo wa haki ungekuongezea mia mbili kila unapopata. Mbona hakuna anayeuliza hilo?

Halafu kuna hii: "Nimekosa mara tano, ya sita lazima nipate." Lazima kutoka wapi? Chukua karata zote 52. Wafalme ni wanne, kwa hiyo uwezekano wa kuvuta mfalme ni 4/52, yaani 1/13. Ukivuta tano zisizo wafalme ukaziweka kando, unapanda kuwa 4/47. Ukizirudisha na kuchanganya, ni 1/13 tena. Sasa, kwenye pata potea karata zote tatu hurudi kila mara. Ya sita ni 1/3, sawa na ya kwanza. Karata hazina deni nawe.

Unabisha? Andika programu fupi ichague namba kati ya 1 na 3 mara laki moja, kisha hesabu. Kompyuta haina wenzake sokoni.

Nawe unayecheka huku unabeti kwa simu: mechi kumi, kila moja uwezekano wa 1/2, zote kutokea ni 1/1024. Je, unalipwa mara 1,024 ya dau lako?

Walimu wa hesabu wa Kitui na Makueni, leteni karata darasani. Mtoto ajifunze kuuliza kabla ya kutoa mia: nikipata, nalipwa ngapi?

Mwenye kubisha alete hesabu, si hasira.