Nyumbani Wakikuuliza Kwa Nini Unaamini



Yapo maswali ya dini ambayo wengi wetu tumeyazoea. Jirani mlokole hutuuliza kwa nini tunamwomba Bikira Maria atuombee, au kwa nini tunaungama kwa padre. Tunafungua Biblia pamoja naye na kujibizana, maana sisi na yeye tunakubali kwamba hilo ni Neno la Mungu. Jirani Mwislamu naye huuliza habari za Utatu Mtakatifu, lakini tangu mwanzo tunakubaliana naye kwamba Mungu yupo.

Mwezi huu tuzungumze juu ya mtu mwingine, ambaye aghalabu hayuko ng'ambo ya ua bali yumo ndani ya nyumba zetu. Huyu haamini kabisa. Ni mume ambaye Jumapili hukufikisha hadi mlangoni pa kanisa, kisha akaenda zake. Ni kijana uliyemwandaa mwenyewe kwa Komunyo ya kwanza na Kipaimara, akaenda chuo kikuu, akarudi likizo na kusema, "Mama, mimi hayo mambo siyaamini tena."

Kumsomea mtu huyu aya za Biblia peke yake hakutoshi, kwa kuwa Biblia yenyewe ndiyo anayoitilia shaka. Hapo wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili: ama tunakasirika na kumwita mpagani, ama tunanyamaza tukisema dini haijadiliwi. Yote mawili hayafai. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3 aya ya 15, anataka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye juu ya tumaini letu, na papo hapo anaagiza tujibu kwa upole. Basi jibu tuwe nalo, na upole tuwe nao. Tuanze na jibu.

Je, sayansi imemwondoa Mungu?

Hili ndilo neno la kwanza la kijana wa chuo. Usihamaki. Sayansi ni kazi njema ya akili, na akili ni zawadi ya Mungu. Lakini ina mipaka yake. Daktari aweza kulipima chozi lako akakuambia lina maji na chumvi kiasi gani. Hana kipimo cha kumwonyesha unamlilia nani. Hajakosea, ila swali hilo haliko katika vipimo vyake.

Tena mkumbushe mambo aliyosoma. Zile njegere za Gregor Mendel, ambazo kwazo wanafunzi hujifunza jinsi watoto wanavyorithi maumbile ya wazazi, zilipandwa katika bustani ya monasteri. Mendel alikuwa padre mtawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino huko Brno, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, na alichapisha matokeo yake mwaka 1866. Naye Georges Lemaître, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na ambaye mawazo yake yalizaa nadharia ya mlipuko mkuu, alikuwa padre Mkatoliki wa Ubelgiji. Akikutajia Galileo, mkubalie. Watu wa Kanisa walimkosea, na Papa Yohane Paulo wa Pili alilikiri kosa hilo hadharani mwaka 1992.

Kisha mpe sababu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba vitu vyote tuvionavyo vimepokea kuwapo kwake kutoka kwa kingine. Sisi wapishi tunaweza kulieleza hivi. Nimekosa unga, nikaazima kwa jirani. Naye aliuazima kwa jirani yake, na huyo kwa mwingine. Hata mtaa uwe mrefu namna gani, lazima yupo mmoja mwenye unga wake mwenyewe, ama sivyo hapangekuwa na ugali katika nyumba yo yote. Kila kitu duniani kimeazima uhai wake. Yule asiyeazima kwa mtu ndiye tunayemwita Mungu.

Habari iliyoletwa na wanawake

Lakini mtu aweza kukubali kwamba Mungu yupo na bado asiwe Mkristo. Imani yetu inasimama juu ya jambo lililotokea: Yesu wa Nazareti alikufa na akafufuka. Kama hakufufuka, Mtume Paulo mwenyewe anasema, imani yetu ni bure.

Kwamba Yesu aliishi na kuuawa si maneno ya Wakristo tu. Tacitus, mwanahistoria Mroma asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Ponsio Pilato, wakati wa Kaisari Tiberio. Habari za ufufuko nazo hazikuzuka baada ya mashahidi wote kufa. Paulo aliwaandikia Wakorintho miaka 25 hivi tu baada ya msalaba. Katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza anawataja waliomwona Bwana, wakiwamo ndugu zaidi ya 500 kwa mara moja, naye anasema wengi wao wangali hai. Ni kama kusema: nendeni mkawaulize.

Na hapa pana jambo linalotuhusu sisi. Injili zote 4 zinasema kwamba waliotangulia kukuta kaburi wazi walikuwa wanawake, na Maria Magdalena anatajwa katika zote. Siku hizo ushahidi wa mwanamke ulihesabiwa kuwa si kitu. Luka anaandika bila kuficha kwamba hata Mitume waliposikia waliona ni upuuzi. Sasa mwulize mumeo: mtu anayetunga hadithi ili aaminiwe, angechagua mashahidi ambao jamii yake haiwaamini? Angemweka Petro pale kaburini, au mzee wa baraza mwenye heshima zake. Wanawake wameandikwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tena Mitume walipata faida gani? Hawakupata mali wala cheo. Walipata viboko, vifungo na kifo. Mtu aweza kufa kwa ajili ya uongo alioupokea akidhani ni kweli. Lakini ni nani atakayekubali kuuawa kwa ajili ya uongo alioutunga mwenyewe?

Kwa nini Kanisa Katoliki?

Yesu hakuandika kitabu. Aliacha watu: Mitume 12, na Petro akiwa mkuu wao. Vitabu vya Agano Jipya viliandikwa ndani ya jumuiya hiyo, na jumuiya hiyohiyo ndiyo iliyotambua vipi ni vya kweli na vipi si vya kweli. Kwa hiyo anayetaka kujua Mitume walifundisha nini, hana budi kuuliza: jumuiya ile iko wapi leo?

Mtakatifu Inyasi, Askofu wa Antiokia, alipokuwa akipelekwa Roma kuuawa, mwanzoni mwa karne ya pili, aliwaandikia Wakristo wa Smirna. Katika barua hiyo tayari yumo askofu, imo Ekaristi ambayo ni mwili wa Mwokozi wetu, na limo jina lenyewe, Kanisa Katoliki, yaani Kanisa la mahali pote. Mkatoliki wa leo akiisoma barua hiyo anajiona yuko nyumbani. Naye Papa Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, anahesabiwa kuwa Papa wa 267 tangu Petro. Falme ngapi zimeinuka na kuanguka katika muda huo!

Hapo huenda atakujibu, "Na maovu ya mapadre wenu je?" Usiyafiche. Wapo waliowadhulumu watoto, na wapo wakubwa waliowaficha. Nchini Rwanda mwaka 1994 watu waliokimbilia makanisani waliuawa humohumo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika maangamizi hayo. Sisi hatusemi kwamba Kanisa ni watu wasio na dhambi. Kati ya wale 12 wa kwanza, mmoja alimuuza Bwana na mwingine alimkana. Mwenye kosa apelekwe mbele ya sheria, na aliyeumizwa asikilizwe. Lakini angalia: hao hawakuovuka kwa kuyafuata mafundisho ya Kanisa, bali kwa kuyavunja. Dawa haiwi mbaya kwa sababu mgonjwa amekataa kuinywa.

Swali lenye machozi

Liko swali moja ambalo si la mabishano. Mume aliyemzika mtoto anauliza, "Kama Mungu wako yupo, kwa nini alimwacha mwanetu afe?" Mama mwenzangu, hapo weka hoja zote chini. Ukae naye. Usimwambie kwamba Mungu alimpenda mtoto zaidi, maana atasikia kwamba Mungu ni mwizi. Mwambie kweli: sijui kwa nini yeye, na kwa nini sasa.

Kisha, siku ikifika, mwambie unachokijua. Mungu tunayemwamini hakutazama mateso yetu kwa mbali. Alisulubiwa, na mama yake alisimama pale akitazama. Imani yetu haiwezi kufuta machozi yote leo, lakini inatuambia kwamba kifo hakina neno la mwisho.

Kama ataka kuona mtu aliyeishi hivyo, msimulie habari za Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Alitekwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa mwilini hata akabaki na makovu zaidi ya 100. Jina lake la kuzaliwa alilisahau kwa hofu. Hilo la Bakhita alipewa na waliomteka. Alifikishwa Italia, akapata uhuru wake, akabatizwa mwaka 1890, na baadaye akawa mtawa wa Shirika la Wakanosa. Alieleza kwamba angekutana na waliomteka angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa sababu bila hayo yaliyompata asingemjua Kristo. Alifariki mwaka 1947, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Je, moyo wa namna hiyo ulitoka wapi? Asiyeamini naye ana deni la kujibu.

Upole wa Mtakatifu Monika

Tumeona jibu, sasa upole. Mwalimu wetu ni Mtakatifu Monika, mama wa Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mumewe Patrisio hakuwa Mkristo. Alikuwa mwepesi wa hasira, na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Monika hakujibizana naye wakati amewaka. Alingoja hasira ipoe, ndipo alipoeleza. (Sisemi mama apigwaye anyamaze. Huyo atafute msaada mara moja, wala si dhambi.) Patrisio alibatizwa muda mfupi kabla ya kufa kwake.

Mwanawe Agostino alimliza zaidi. Akiwa kijana wa miaka 19 alijiunga na Wamanikeo, akawa bingwa wa kubishana. Mwanzoni Monika alikataa hata kukaa naye nyumba moja; baadaye akamrudisha mezani pake. Alimwendea askofu mmoja amwombe akajadiliane na kijana. Askofu alikataa, akisema kijana bado hafundishiki, ila aombewe. Mwana wa machozi mengi kama yale hawezi kupotea. Mwaka 383 Agostino alimdanganya mama yake akapanda meli usiku kwenda Roma. Mama akamfuata ng'ambo ya bahari. Huko Milano, hoja alizozihitaji Agostino alizipata kwa Askofu Ambrosi, naye akabatizwa Pasaka ya mwaka 387. Monika alifariki mwaka huohuo, kazi yake ikiwa imetimia.

Hapo tujifunze mambo matatu. Kwanza, usimfukuze mezani mtoto asiyeamini. Pale mezani ndipo atakapouliza siku nyingine. Pili, si lazima jibu litoke kinywani mwako. Mpeleke kwa padre msomi, kwa katekista, au kwenye kitabu kizuri. Tatu, usiache kusali, wala usisali kwa sauti ya kumsuta. Mtume Petro anawaambia wake kwamba mume asiyeamini aweza kuvutwa pasipo neno, kwa kuutazama mwenendo wa mkewe. Hoja hufungua mlango. Anachokikuta mtu ndani ya nyumba ndicho kitakachomfanya aingie.

Imani ni zawadi ya Mungu. Hatuwezi kumpa mtu kwa nguvu, lakini tunaweza kumwonyesha kwamba si ujinga kuipokea.

Ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Ni swali gani la asiyeamini ambalo limewahi kukushinda? Leo ungelijibu vipi?

2. Someni 1 Petro 3:1-2 na 3:15. Ni wakati gani wa kusema, na ni wakati gani wa kunyamaza?

3. Katika mtaa wetu, ni matendo gani ya sisi Wakatoliki yanayomzuia mtu asiamini?

Mungu abariki nyumba zenu. Tukutane tena mwezi ujao.