Muhula wa Muflisi Usiishie Langoni

Katika sheria ya ufilisi ya Marekani, iliyotungwa mwaka 1978, mna kifungu cha 362 kinachostahiki sifa kubwa, kwani mdaiwa akishawasilisha ombi lake mahakamani, papo hapo, pasipo jaji kuandika amri wala mdai kusikilizwa, madai husimama: mnada wa nyumba huahirishwa, mshahara haukatwi tena, simu za vitisho hukoma, na mdai avunjaye zuio hilo kwa kusudi hutozwa fidia.

Hifadhi hiyo ina mipaka, na mingi ni ya insafu. Kesi ya jinai huendelea. Baba hapati udhuru wa kuwanyima wanawe masurufu. Na tangu mwaka 2005, mtu anayeleta ombi la pili ndani ya mwaka mmoja tangu la kwanza litupwe hupewa siku 30 tu, ila mahakama ikimwongezea.

Upo mpaka mmoja, hata hivyo, ambao siukubali kabisa. Jiji la Chicago lilikuwa likikamata magari ya watu wenye faini zisizolipwa, na wenyewe walipoomba hifadhi ya ufilisi, likaendelea kuyazuia. Tarehe 14 Januari 2021, majaji 8 wa Mahakama ya Juu wakaamua kwa kauli moja kwamba kuendelea tu kuzuia mali iliyokamatwa kabla ya ombi si tendo la kuitawala kwa maana ya kifungu kile, maana kinachokatazwa ni tendo la kuibadili hali iliyokuwapo. Kwa herufi za sheria huenda hoja hiyo ikasimama. Kwa muradi wake, haisimami. Muflisi wa namna hii ameahidi kuwalipa wadai wake kidogo kidogo, kwa miaka 3 hadi 5, kutokana na ujira wake. Na ujira ataupata wapi, ikiwa gari la kumfikisha kazini limefungiwa katika yadi ya jiji? Jaji Sonia Sotomayor, ijapokuwa aliiafiki hukumu, alieleza kuwa shauri la kudai kurudishiwa mali huchukua, kwa wastani, zaidi ya siku 100.

Tangu Desemba 2024 kanuni zinamruhusu mtu binafsi adai gari lake kwa maombi mepesi badala ya shauri kamili. Hiyo ni nafuu ya kweli, walakini mzigo wa kuanza ungali juu ya mnyonge. Bunge la Marekani liandike bayana kwamba mdai airudishe mali ya riziki mara apatapo habari ya ombi, kisha yeye, mwenye mawakili, ndiye aende mahakamani kutaka dhamana ya haki yake, iwe ni bima ya gari au malipo ya kila mwezi.