Vitufe Vingi Havimfanyi Mtu Mtaalamu wa Mawimbi

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa watumiaji wa redio za ridhaa: kwamba programu ya kuchambua mawimbi ikiwa nyepesi kutumia ni ya wanaocheza, na ile iliyosheheni vitufe na vifupisho visivyoelezwa ndiyo ya wataalamu. Mwandishi wa programu akiondoa kitufe kimoja hulaumiwa kuliko akiongeza kumi. Imani hii ni potofu, na inawaumiza hata wanaoitetea. Programu nyingi, kabla hazijakuonyesha lolote la maana, hukutaka uchague idadi ya sampuli zitakazochambuliwa kwa mkupuo mmoja. Asiyejua huchagua namba kubwa, akidhani kikubwa ndicho bora. Sauti ikiingia kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, mkupuo wa sampuli 65,536 huchukua sekunde 1.37, na hutenganisha masafa yaliyopishana kwa takriban hezi moja. Hilo linafaa sana kwa kusaka wimbi dhaifu lililotulia. Lakini nukta ya Morse, kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, hudumu milisekunde 60 tu. Ndani ya mkupuo huo nukta, vistari na mapengo vyote humezwa, na msikilizaji huona mstari mtupu mahali palipokuwa na ujumbe. Kompyuta imetii ilivyoamriwa. Lawama ni za aliyeiandika, ambaye angeweza kuuliza tu mtu anasikiliza nini, Morse au maongezi, kisha akaiachia programu ipige hesabu.

Wanaodhani urahisi ni dalili ya uchanga watazame WSJT, programu ya kuwasiliana kwa mawimbi dhaifu. Ilianzishwa mwaka 2001 na Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Huyo sidhani kama kuna wa kumwita mchanga. Mtindo wake wa kutumiana ujumbe uitwao FT8, alioutoa na Steve Franke mwaka 2017, umefunga karibu kila kitu: toni 8, upana wa hezi 50, zamu za sekunde 15. Mtumiaji haulizwi makosa ya upokeaji yasahihishwe kwa njia gani. Mahesabu hayo mazito yamo ndani, na ndiyo yanayonasa ujumbe ulio desibeli 20 chini ya kelele za upana wa hezi 2,500. WSPR nayo, programu ya mwaka 2008 ya kupima mawimbi yanafika wapi, inakitaka kila kituo kitaje jina lake, mahali kilipo na nguvu kinayotumia, kwa mpangilio uleule. Ndiyo maana ripoti za watu wasiojuana, kutoka mabara tofauti, zinalinganishika. Kila mmoja angekuwa na mipangilio yake, tungebaki na rundo la namba zisizosemezana.

Watasema urahisi unazalisha wabonyezaji wasiojua kitu. Hapo wanachanganya ugumu wa aina mbili. Anga la juu linalorudisha mawimbi mafupi duniani ni gumu kulielewa, na mtu anastahili kulitolea jasho. Kukariri kwamba mpangilio fulani umejificha kwenye menyu ya nne hakumwongezei mtu elimu yoyote ya mawimbi. Na anayetaka kujenga kila hatua kwa mkono wake, programu ya GNU Radio ipo tangu mwaka 2001, hakuna aliyemzuia. Pingamizi lenye uzito ni jingine: programu inayokuamulia inaweza kukosea kimyakimya. Hilo nalikubali. Dawa yake ni programu kuonyesha ilichopima. Kwenye FT8, kila ujumbe huja na nguvu yake kwa desibeli pamoja na tofauti ya muda. Ukiona karibu stesheni zote zimechelewa au kuwahi kwa sekunde moja na nusu, ujue saa iliyopotea ni ya kompyuta yako. Safu moja ya namba imekueleza hitilafu ambayo ungeitafuta siku nzima kwenye antena.

Tangu ilipogundulika mwaka 2012 kwamba vifaa vya bei ndogo vya kupokelea televisheni kwenye kompyuta vinaweza kusikiliza masafa mengine mengi, gharama si kisingizio kikubwa tena cha kuwakosa vijana. Waandishi wa programu, anzeni na skrini ya kwanza: kitufe ambacho hamuwezi kumweleza mgeni kwa sentensi moja kinafanya nini, kiondoeni hapo.