Ua la Usambara

Mwezi wa Januari, mtu apandaye njia itokayo Mombo kwenda Soni na Lushoto huona vikapu vya matunda vimepangwa kando ya barabara: plamu nyekundu, mafyulisi na mapeasi. Matunda hayo yote ni wageni. Yaliletwa kutoka nchi nyingine, yakaipenda hewa ya baridi ya mlimani, na sasa watu huyahesabu kuwa mali ya Lushoto, wala si vibaya. Bustanini nako ni hivyo hivyo. Jakaranda ni mgeni, na hata mkaratusi, ulio mrefu kuliko nyumba zote, asili yake ni Australia. Lakini kuna mmea mmoja mdogo ambao haukuletwa Usambara na mtu ye yote. Huo ulitoka Usambara ukaenda kwa watu, na leo wajulikana zaidi katika madirisha ya Berlin na Chicago kuliko katika vijiji vya nchi yake.

Mmea huo ni mfupi, aghalabu hauzidi shibiri moja. Majani yake ni manene, yenye vinyweleo laini kama manyoya ya kifaranga, na mengi hukaa kwa duara. Katikati ya majani hutoka maua madogo ya rangi ya urujuani, na ndani ya kila ua mna vijisehemu viwili vya manjano. Hukaa juu ya mwamba wenye kivuli, mara nyingi karibu na kijito, nao hushika mizizi katika udongo kidogo ulio ndani ya ufa wa jiwe. Mwenye kuupita upesi hauoni. Jua kali huuchoma. Wakati wa kiangazi majani yake hulegea, na masika yakianza, mwezi wa Machi, husimama tena.

Mwaka 1892 mmea huu ulimpendeza Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wa wilaya, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire. Huyu ndiye aliyetunga kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, kilichopigwa chapa Berlin mwaka 1890. Akaupeleka kwa baba yake Ujerumani, na baba akampa Hermann Wendland, aliyeangalia bustani za kifalme za Herrenhausen katika mji wa Hannover. Mwaka 1893 Wendland akauita Saintpaulia, kwa kumheshimu aliyeupeleka. Mwaka ule ule ukaonyeshwa Ghent, katika nchi ya Ubelgiji, na watu wakaustaajabia. Ernst Benary wa Erfurt akauza mbegu zake. Mwaka 1926 wakulima wa maua Armacost na Royston wa Los Angeles walipanda mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, na katika miche yote wakachagua kumi iliyo bora. Kutoka hiyo, na mingine, yamezaliwa maua ya kila namna: meupe, ya waridi, ya rangi mbili, na yenye ncha zilizokunjamana kama ukingo wa shela.

Ni ajabu kidogo kwamba mgeni ameacha jina lake juu ya mmea uliokuwapo kabla ya wafalme wote wa Vugha. Washambaa hawakuulizwa. Hata hivyo nchi haikusahauliwa kabisa, maana Wajerumani mpaka leo huliita ua hili kwa jina la Usambara, na wataalamu walipotafuta aina nyingine milimani wakaziita kwa majina ya mahali walipoziona: moja ya Amani, moja ya Shume, moja ya mlima Tongwe.

Sasa, watu wengine husema hivi: Ikiwa ua hili limo katika nyumba nyingi sana ulimwenguni, haliwezi kupotea, basi ya nini kuhangaika juu ya machache yaliyobaki mwambani? Maneno hayo yaonekana kuwa ya akili, lakini si kweli. Maua ya madirishani yametoka kwa wazazi wachache tu. Mlimani mna aina nyingine zijulikanazo mahali pachache mno, pengine upande mmoja wa mlima, na msitu wa hapo ukikatwa hakuna dirisha po pote litakaloirudisha aina hiyo.

Tena kuna jambo lililo kubwa kuliko hilo. Mmea ulio mahali pake husema neno. Wazee wa Kishambaa walilijua sana. Mtu alipotaka kupambanua Shambaai, yaani nchi ya mlimani yenye migomba, na nyika iliyo chini yake, hakuhitaji kuona alama ya mpaka. Alitazama mimea, nayo ikamwambia amefika wapi. Makabila ya jirani nayo yalisikia maneno ya mimea. Kwa Wachaga wa Kilimanjaro jani la isale mkononi mwa mtu ni ombi la msamaha, na isale lililopandwa ukingoni mwa shamba ni mpaka. Katika milima ya Pare misitu midogo ya matambiko haikuguswa na shoka, kwa kuwa wazee waliiheshimu na vijana waliiogopa. Kijana wa leo aweza kucheka hofu ile. Lakini na atazame ni miti gani mikubwa iliyosalia kati ya mashamba, aone kwamba mingi ni ile iliyoogopwa.

Basi ua la Usambara mwambani nalo lina neno lake. Likionekana limestawi, mtu ajue kwamba kivuli cha msitu kipo, ukungu bado wanaswa na majani, na kijito chini yake hakijakauka. Likinyauka lisiinuke tena, huenda jua limekwisha kuingia mahali lisipokuwa likiingia. Ua lililo dirishani halisemi neno hilo. Hunyweshwa kwa birika. Mvua ikose, lenyewe halina habari.

Huko Shume, juu ya Lushoto, kabla ya vita ya 1914, Wajerumani walikata miti ya mwangati, wakazishusha mbao kwa kamba ya chuma iliyopita hewani mpaka Mkumbara, penye reli. Kamba ile ilisifiwa kuwa kazi ya ufundi mkubwa, na ndivyo ilivyokuwa. Baadaye ilipandwa misonobari na miti mingine ya kigeni. Miti hiyo ina faida yake, maana watu wahitaji mbao, lakini msonobari uliopandwa kwa mistari hautengenezi kivuli kile cha msitu wa asili, chenye unyevu na majani yaoozayo.

Ni haki pia kumsikiliza mkulima. Mtu mwenye watoto wenye njaa hawezi kuambiwa aache kulima mahindi kwa ajili ya ua lisiloliwa. Lakini mkulima huyo huyo ndiye ahitajiye maji ya kijito kwa kabichi na viazi vyake. Mto Sigi hutoka katika misitu ya Usambara ya Mashariki, na watu wa mji wa Tanga hunywa maji yake, nao wengi wao hawajaona msitu ule hata siku moja. Msitu hautunzwi kwa ajili ya ua. Ua ni kama mlinzi mdogo alalaye mlangoni. Akionekana amekufa, mwenye nyumba hashughuliki na maziko tu, huingia ndani kutazama kilichoibiwa.

Kwa hiyo mtoto akutaye ua hili msituni haifai aling'oe kulipeleka nyumbani. Ling'olewalo mwambani mara nyingi hufa njiani, na pale mwambani hubaki ufa mtupu. Tena hana haja ya kung'oa, kwa kuwa mmea huu una tabia ambayo mimea michache inayo. Na aombe jani moja zima kwa mtu aliyekwisha kuupanda katika kopo, jani pamoja na kikonyo chake. Kikonyo kikatwe kwa kisu kikali, kibaki urefu wa pingili ya kidole, kichomekwe katika udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga na majani yaliyooza. Kopo litobolewe chini, liwekwe penye mwanga lakini si juani. Maji yamwagwe udongoni, si juu ya jani, maana maji ya baridi hulitia mabaka. Jani litakaa kimya muda mrefu, hata mtoto adhani limekufa. Ndipo, baada ya miezi miwili hivi, udongo hupasuka kidogo chini ya kikonyo, na majani madogo hutokeza, mawili, kisha manne, yenye manyoya, yakiwa kama masikio ya panya.