Ncha ya Ekzosi Inayong'aa

Mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, ni mlango wa nchi. Magari mengi yanayoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam hupita hapo yakielekea Zambia na Kongo. Mengine hubebwa juu ya malori, na mengine huendeshwa kwa magurudumu yake yenyewe, ndiyo yale ambayo watu huyaita magari ya IT. Mji wa namna hii huwafunza wakazi wake kuyatazama magari kwa jicho kali. Hapana shaka, basi, kwamba kijana wa shule aishiye hapo amekwisha kuuona mtindo ninaokusudia kuueleza katika makala haya: mtu hununua gari dogo la kifahari lililochakaa kidogo, tuseme Toyota Crown au Mercedes-Benz ya miaka ya 1990, kisha humpelekea fundi ili amtilie kwenye ekzosi ncha inayong'aa na kuonekana na kila apitaye nyuma yake.

Waliolitengeneza gari hilo aghalabu hawakutaka ncha hiyo ionekane. Katika magari mengi ya aina hiyo bomba la moshi lilifichwa chini ya bampa, na mdomo wake ukapindwa kuelekea ardhini, kwa kuwa gari la heshima lilitakiwa lipite kimya kana kwamba halina moshi. Mwenye gari wa leo ana ladha nyingine. Yeye ataka mdomo mmoja, au miwili, ya mviringo, iliyosuguliwa hata mtu aweze kujitazamia.

Wapo walimu wanaoliona jambo hili kuwa ubatili mtupu, na wapo vijana wanaoapa kwamba gari huongezeka nguvu. Mimi siafikiani na upande wowote. Pambo ni haki ya mwenye mali, na wala sioni kwa nini sayansi imnunie mtu aliyependa kuipamba gari yake kama vile apambavyo sebule. Lakini msumeno wa fundi ukipita mahali pasipostahili, pambo hilo huweza kumdhuru mtu. Kwa hiyo swali la kuuliza gerejini si kama ncha inapendeza. Ni kwamba bomba limekatwa wapi.

Tuanze na madai ya nguvu. Moshi utokao katika silinda hupita njia ndefu: makutano ya mabomba karibu na injini, kisha masega (ikiwa gari linayo), kisha sailensa, ndipo mkia. Katika njia kama hiyo, sehemu inayoubana moshi kuliko nyingine ndiyo hasa inayoamua utapita kwa urahisi kiasi gani. Mwanafunzi ajaribu kwa mpira wa kumwagilia bustani: aukanyage katikati, kisha auchomeke mwishoni mwake kipande cha bomba pana. Maji hayataongezeka hata kidogo. Ndivyo ilivyo ncha pana iliyochomekwa kwenye mkia mwembamba. Na pale ambapo midomo ni miwili ilhali bomba linaloileta ni moja na sailensa ni ileile, mdomo wa pili unaigiza tu.

Hata hivyo malalamiko ya madereva kwamba gari limepoteza nguvu si ya uongo, na hapa jiografia ya Songwe yatufaa sana. Tunduma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000. Katika mita 1,000 za kwanza za kupanda kutoka pwani, kanieneo ya angahewa hupungua kwa takriban asilimia 11, na oksijeni inayoingia katika silinda kwa kila mvuto hupungua vivyo hivyo. Injini isiyo na pampu ya kusindilia hewa itakuwa dhaifu zaidi Tunduma kuliko ilivyokuwa Dar es Salaam, hata ikiwa nzima kabisa. Mwenye gari asiyejua hayo hulitupia lawama bomba la nyuma, naye fundi, kwa nia njema au kwa haja ya fedha, humkubalia. Wanakata nyuma ya gari ilhali upungufu umeingia kwa mbele, pamoja na hewa.

Madhara huanza wanapokata mbele zaidi. Ili sauti ifanane na ya gari la mashindano, sailensa hutolewa. Kelele hizo za usiku zatosha kuwa kero, lakini kuna jambo kubwa kuliko kelele. Mara nyingi masega nayo huondolewa. Masega ni kopo la chuma lenye kauri ya vijitundu vingi kama sega la nyuki, na juu ya kauri hiyo umepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Metali hizo ni za thamani, ndiyo sababu masega yana wanunuzi. Kazi yake ni kuharakisha mmenyuko unaoigeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi, petroli isiyoungua kuwa maji na kaboni dioksaidi, na oksaidi za naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida. Zamani kifaa hiki kisingedumu katika nchi zetu, kwa kuwa petroli ilikuwa na risasi, nayo risasi huifunika platinamu na kuiua kazi yake. Tangu mwanzo wa mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwamo, ziliiacha petroli hiyo. Tumeondoa sumu iliyokuwa ikiyaharibu masega, na sasa twayang'oa wenyewe kwa patasi.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na huweza kufa akiwa amelala. Sasa fikiria foleni ya mpakani. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili kuharakisha mambo, lakini mtu anayesafiri huko anajua kwamba kungoja hakujatoweka. Usiku wa mwezi Juni au Julai baridi ya nyanda za juu huuma. Dereva hufunga vioo vyote, huiacha injini ikinguruma polepole ili apate joto, na kulala. Ikiwa kiungo kilichomelewa vibaya kinavuja chini ya sakafu, au ikiwa bomba limeishia chini ya buti, moshi hautawanyiki. Hujikusanya chini ya gari na kupenya kwenye matundu ya sakafu na raba za mlango wa buti. Gari likiwa mwendoni hatari haiishi, maana nyuma yake kanieneo ya hewa hushuka na moshi huvutwa kulifuata.

Kwa sababu hiyo, ncha iliyofungwa kwa akili yaweza hata kuwa na faida. Ikianzia nyuma ya sailensa, ikachomelewa pasipo kuvuja, na mdomo wake ukapita ukingo wa bampa, itaupeleka moshi mbali kidogo na buti kuliko mdomo wa zamani ulioinama. Ninawashangaa wanaoipinga ncha yenyewe huku wakinyamaza juu ya sailensa iliyotobolewa.

Kuhusu metali ya kutumia, wanafunzi wa Songwe wana mwalimu asiye na mshahara: Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi. Uzito wake wazidi tani 10, na takriban asilimia 90 ya kimondo hicho ni chuma, nikeli ikiwa asilimia 8 na zaidi. Chuma cha pua, ambacho ndicho kifaacho kwa ncha ya ekzosi, kina aina moja iliyoenea sana ambayo nayo ina nikeli ya asilimia 8 hivi. Lakini kinachokipa chuma cha pua mng'ao wake wa kudumu ni kromiamu, ambayo katika aina hiyo ni asilimia 18 hivi. Huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba usioonekana, nao ukikwaruzwa hujifunga tena. Ncha za bei rahisi ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromiamu kwa nje tu. Zikikwaruzwa na mawe ya barabarani, kutu hupata mlango. Sumaku husaidia kidogo kuzitofautisha, kwani aina niliyoitaja aghalabu hainaswi na sumaku, ijapokuwa zipo aina nyingine za chuma cha pua zinazonaswa. Mbaya kuliko zote ni kipande cha bomba la maji lililopakwa zinki: kikichomelewa hutoa moshi mweupe wa oksaidi ya zinki, na fundi anayeuvuta hupatwa na homa jioni ileile.

Fundi asisahau joto pia. Bomba la chuma lenye urefu wa mita 3, likipata joto la wastani la nyuzi 200 zaidi ya lilivyokuwa asubuhi, hurefuka kwa karibu milimita 7. Likiwa la chuma cha pua cha aina ile, karibu milimita 10. Basi ncha iliyobanwa kabisa katika tundu la bampa ya plastiki itaikwangua na kuiyeyusha, na raba zinazolishikilia bomba zitakatika moja baada ya nyingine.

Mwalimu wa kemia au fizikia amwombe fundi wa jirani bomba moja kuukuu lililotupwa, alipasue kwa urefu, na kuliweka mezani mbele ya darasa. Mara nyingi litaonekana limeliwa zaidi kwa ndani kuliko kwa nje. Wanafunzi waulizwe maji yaliyoleta kutu hiyo yametoka wapi, ikiwa gari halikuvuka mto. Wakipiga hesabu ya kuungua kwa petroli wataona kwamba lita moja, yenye uzito wa gramu 740 hivi, huzaa maji yapatayo lita moja, na juu yake kaboni dioksaidi ya zaidi ya kilo 2. Kisha waulizwe uzito huo ulioongezeka umetoka wapi. Kazi hiyo ifanyike nje, chini ya mti, na injini yoyote isiwashwe ndani ya karakana.