Kivuli cha Uwanjani Nacho ni Kinga

Mtoto mwenye ualbino anapohudhuria kliniki ya ngozi, aghalabu huondoka na losheni ya kukinga jua pamoja na ushauri wa kuvaa nguo za mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana. Ni nadra mzazi wake kuulizwa swali jingine lenye uzito uleule: wakati wa mapumziko shuleni, mtoto huyu hucheza wapi?

Nchini Tanzania swali hilo si dogo. Jua la adhuhuri huwa karibu na utosi, na mionzi ya urujuanimno huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, muda uleule ambao wanafunzi hutoka kucheza. Ngozi yenye upungufu wa melanini huungua upesi. Ikiendelea kuungua mwaka hadi mwaka, saratani ya ngozi huweza kumpata mtu angali kijana. Losheni inayotengenezwa KCMC mjini Moshi ni msaada mkubwa. Hata hivyo, losheni yoyote hufutika kwa jasho, tena huweza kuisha kabla ya tarehe ya kliniki. Kivuli hakisubiri kupakwa.

Banda jepesi la mbao, lisilo na kuta, linaweza kutoa kinga hiyo kwa gharama ambayo jamii inaimudu. Lakini si kila kivuli kina kinga sawa. Sehemu kubwa ya mionzi hutawanywa na hewa na kumfikia mtoto kutoka pande zote za anga, hata pale jua lenyewe lisipomgusa. Paa dogo lililoinuliwa juu sana hupunguza joto, ila huacha mionzi mingi ipite ubavuni. Ni heri paa pana, lenye kingo zilizoshuka hadi kimo cha mwalimu aliyesimama, na linaloezekwa kwa makuti mazito au bati, si kwa fito zenye mianya.

Wepesi nao una masharti yake. Upepo hulibeba paa jepesi kama tanga. Basi nguzo zichimbiwe kwa kina, zishikwe kwa zege, na kenchi zifungwe kwa bolti. Mirunda ilindwe dhidi ya mchwa kwa dawa inayofaa. Oili chafu ya magari isipakwe kwenye nguzo ambazo watoto hushika, kwa maana ina kemikali zinazodhuru ngozi.

Jambo kubwa kuliko vipimo ni mahali banda linapojengwa. Likiwekwa pembeni kwa ajili ya mtoto mmoja, litakuwa kizuizi kipya: atalindwa na jua, kisha atengwe na wenzake. Lijengwe pale watoto wote wanapopenda kuwa, penye bao, kamba na mazungumzo. Kivuli kinachowafaa wote hakimnyoshei mtu kidole.

Wapo watakaosema kwamba mti ni bora na ni rahisi zaidi. Ni kweli, na upandwe leo. Lakini mche unahitaji miaka kadhaa ili kutandaza matawi, ilhali mtoto wa darasa la kwanza anaungua mwaka huu. Banda na lishike zamu hadi mti ukue. Wengine watataja upungufu wa madawati na vyoo. Hoja yao ni ya haki. Hata hivyo, banda halidai bajeti ya jengo. Mirunda, makuti na nguvu za wazazi hupatikana katika vijiji vingi.

Kinachokosekana ni neno la mtaalamu. Daktari au muuguzi anayeandika losheni kwenye daftari la mgonjwa aongeze barua fupi kwa mwalimu mkuu, akieleza saa za hatari na haja ya kivuli. Mzazi aipeleke barua hiyo katika kikao cha kamati ya shule. Mtoto asilazimike kuchagua kati ya ngozi yake na michezo ya wenzake.